Maswali ya Wasomaji: Hekaya ya Mitaani Inapogeuka Gemu ya Kutisha

Barua za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaotengeneza gemu zao wenyewe, wengine peke yao, wengine wawili watatu. Karibu wote wamechagua hekaya zinazosikika mitaani: mwanamke wa barabarani, sauti ya chooni, namba ya simu isiyopigwa usiku. Tumechukua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Wahariri, salaam. Nimeandika kurasa 60 za hadithi ya abiria anayetoweka. Dereva anampakia msichana usiku, anamfikisha kwao, akigeuka anakuta kiti kitupu, kisha anaambiwa msichana huyo alikufa miaka mingi iliyopita. Rafiki zangu wameisoma wakaipenda. Nilipoanza kuigeuza gemu, nikakuta mchezaji hana la kufanya ila kubonyeza kitufe ili maneno yaendelee. Nianzie wapi?

Ziweke kando kwanza kurasa 60, hazitapotea. Hekaya hii, jinsi inavyosimuliwa, haina sharti, na sharti ndilo linalompa mchezaji kazi. Linganisha na hekaya ya Kijapani ya Kuchisake-onna, mwanamke aliyechanwa mdomo, ambayo mwaka 1979 ilizua taharuki Japani hadi watoto wakawa wanatoka shule kwa makundi. Anamsimamisha mtu njiani, mdomo umefunikwa kwa barakoa, anauliza: "Mimi ni mzuri?" Ukisema hapana, anakuua. Ukisema ndiyo, anavua barakoa na kuuliza tena, na sasa unaona mdomo uliochanwa hadi masikioni. Njia za kuponea zipo: kumpa jibu la katikati, kwamba ni wa kawaida tu, kumtupia peremende, na katika masimulizi mengine, kutamka mara tatu jina la mafuta ya nywele asiyoweza kuvumilia harufu yake. Mtengenezaji amepewa hapo swali, muda unaoyoyoma, majibu mawili mabaya, na kitu cha kubeba mfukoni. Nusu ya gemu imeshachorwa.

Dereva wako hakosei, hachagui, haonywi. Inabidi umtungie sharti, na lichimbwe humohumo ndani ya hekaya. Una gari, usiku, kiti cha nyuma, na kioo cha dereva. Tungelianzia kwenye kioo: usimtazame abiria kiooni zaidi ya mara tatu katika safari moja. Kisha mfanye mchezaji akihitaji kioo hicho. Abiria aelekeze njia kwa mkono, na mkono huo uonekane kiooni tu. Asipotazama, anapotea njia. Akitazama, anapunguza alichopewa. Kidole kinachosita juu ya kitufe kinatisha kuliko uso wowote wa mzimu utakaouchora.

Safari ya kwanza iwe ya dakika 4, na sharti lisiwe na meno makali: akivuka tatu, taa za dashibodi zinafifia na redio inakatika. Ya pili iwe ya dakika 6 yenye njia panda tano, ili mara tatu zisitoshe na mchezaji alazimike kusikiliza, kwa kuwa abiria hukohoa kabla ya kona ya kushoto. Katika ya tatu abiria aulize: "Mbona hunitazami?" Hapo ndipo mchezaji atajua kama amelielewa sharti au alikuwa anabahatisha.

Usilitangaze sharti kwa maandishi kwenye skrini. Hekaya hizi huja kwa mdomo wa rafiki wa rafiki. Mlinzi wa kituo cha mafuta aseme ni mara tatu, dereva mwenzako aseme ni mara moja, mtangazaji wa redio aseme ni uzushi mtupu. Mchezaji apime mwenyewe. Lakini ndani ya msimbo, yaani maagizo ya programu, ukweli uwe mmoja. Mchezaji husamehe kudanganywa na wahusika. Gemu inayobadilisha sheria yake kimyakimya haisamehewi.

Neno moja kuhusu kioo chenyewe, kwa sababu kitakusumbua. Kioo cha kweli kinaifanya kompyuta ichore mandhari mara mbili, mara ya kwanza kwa macho ya dereva na ya pili kwa macho ya kioo, na mashine ndogo itaanza kukwama. Usikiweke cha kweli. Tengeneza kiti cha nyuma cha pili, mbali chini ya ramani, weka kamera yako ya pili mbele yake, na picha yake uibandike juu ya kioo ikiwa na pikseli (nukta za picha) 256 kwa 96. Ichorwe tu wakati mchezaji anatazama. Kumbuka kuigeuza kulia iwe kushoto, maana picha isiyogeuzwa humfanya mtu ahisi kuna kasoro asiyoweza kuitaja, na hutaki aione kabla ya wakati wake. Ujanja huu una faida kubwa kuliko kuokoa nguvu za mashine. Sasa una viti viwili visivyojuana. Abiria wa kiooni anaweza kuinua kichwa ilhali aliye nyuma yako hajasogea.

Nina kompyuta ya mkononi yenye RAM ya GB 4 na sijawahi kuandika msimbo. Nitumie injini gani, yaani programu ya kutengenezea gemu?

Kama gemu yako ni maneno, picha na uchaguzi, tumia Ren'Py. Ni ya bure, na kurasa zake za maelezo zinatosha kumfundisha anayeanza. Kama mchezaji anatembea, tumia Godot, nayo ni ya bure na leseni yake haikudai malipo ukiuza. Unapofungua mradi mpya wa Godot 4 utaulizwa aina ya uchoraji. Chagua Compatibility, inayofanya kazi hata kwenye mashine za zamani. Chagua siku ya kwanza, kwa sababu ukibadilisha baadaye taa zitaonekana tofauti na itakubidi kupanga upya kila chumba.

Usione haya udogo wa mashine. Gemu ya Silent Hill ya mwaka 1999 ilijaza ukungu na giza kwa sababu PlayStation haikuweza kuchora vitu vya mbali, na ukungu huo ndio watu wanaoukumbuka mpaka leo. Chora kwa pikseli 320 kwa 240, kisha ikuze picha kwa namba kamili, mara tatu au nne. Ukiikuza mara mbili na nusu, pikseli zitakuwa na upana usiolingana na maandishi yataonekana yamechakaa. Taa zisizosogea zipikwe ndani ya mandhari mapema, yaani nuru yake ichorwe moja kwa moja kwenye picha. Taa hai ibaki moja tu, tochi ya mchezaji. Mradi wa kwanza usizidi eneo moja na dakika 40 za kucheza.

Shikamooni. Zimwi wetu anamfuata mchezaji popote, hapotezi njia hata mara moja. Walioijaribu gemu wanashtuka dakika mbili za kwanza, baada ya hapo wanakimbia huku wakicheka. Tulimwongezea kasi, hali ikawa mbaya zaidi. Tatizo ni nini?

Marahaba. Zimwi wenu anajua kila kitu, na hilo ndilo linalomharibu. Mtu hujificha kwa sababu ana matumaini ya kutoonekana. Yakiondoka matumaini hayo, hana sababu ya kubana pumzi chini ya meza.

Mpeni hali nne: doria, shaka, kufukuza na kutafuta. Macho yake yawe na pembe ya digrii 70 na umbali wa mita 12. Mchezaji akiingia ndani ya pembe hiyo, msimbo upige mwale, yaani mstari usioonekana, kutoka machoni pa zimwi hadi sehemu tatu: kichwa, kifua na magoti. Mkipiga wa kifua peke yake, meza itamficha mtu aliyechomoza kichwa kizima, naye ataona mashine imemhurumia. Si lazima kupiga kila fremu, yaani kila picha inayochorwa kwenye skrini. Mara 10 kwa sekunde zinatosha.

Mwale ukifika, zimwi asiruke hapohapo. Wekeni kipimo cha shaka cha 0 hadi 100. Mwale mmoja ukifika uongeze 3 kwa kila ukaguzi, miwili 6, mitatu 10. Kwa hesabu hiyo aliyesimama wazi ana sekunde moja tu, na aliyechomoza kichwa ana zaidi kidogo ya sekunde tatu. Kikifika 40 zimwi ageuze shingo na asimame. Kikifika 100 aanze kufukuza. Sehemu yenye giza igawanye namba hizo kwa mbili. Ule muda kati ya shingo kugeuka na mbio kuanza ndio utakaowafanya watu waache kucheka.

Sasa kosa lenyewe, ambalo kwa maelezo yenu tunaamini mnalo. Zimwi asipomwona mchezaji kwa sekunde 4 anatakiwa aende mahali alipomwona mara ya mwisho, azunguke hapo kwa sekunde 15 hadi 20, kisha arudi doria. Katika gemu nyingi za wanaoanza, hali ya kutafuta bado inasoma mahali mchezaji alipo sasa. Ni mstari mmoja wa msimbo, nao unamgeuza zimwi kuwa sumaku. Hifadhini pale alipoonekana kwenye kibadilika cha peke yake, na kibadilike tu wakati mwale unafika.

Kasi msiipandishe. Mchezaji akikimbia mita 4.5 kwa sekunde, zimwi awe na 4.8 kwenye ushoroba ulionyooka, 3.5 kwenye kona kali, na kila mlango umcheleweshe sekunde 1.2. Mlango mmoja hapo unampa mchezaji zaidi ya mita 5. Anayekimbilia uwanjani atakamatwa, anayekimbilia vyumbani ana nafasi, na baada ya kufa mara moja atakuwa amejifunza hilo bila kuelezwa.

Mkishamaliza hayo mtakutana na tatizo la upande wa pili: zimwi asiyejua lolote anaweza kuzurura upande mwingine wa jengo kwa dakika 10. Gemu ya Alien: Isolation ya mwaka 2014 ilitumia akili mbili. Ya juu inajua mchezaji alipo siku zote, lakini humpa kiumbe eneo la kupekua tu. Kiumbe mwenyewe anabaki na macho na masikio yake. Igeni kwa udogo. Kila sekunde 30, akili ya juu imtupie zimwi chumba chochote kilicho ndani ya mita 15 kutoka kwa mchezaji. Akiwa karibu mno kwa zaidi ya sekunde 90 bila kumwona, mwondoeni aende mbali. Mtu hawezi kuogopa mfululizo. Akichoka anaanza kuhesabu hatua za zimwi, na akianza kuhesabu hofu imekwisha.

Na zimwi akiganda mlangoni bila sababu, angalieni kipenyo chake kwenye ramani ya njia, ile inayoiambia injini wapi panapitika. Mlango wa mita 0.9 haupitiki kwa kiumbe mwenye nusu kipenyo cha mita 0.5, hivyo ramani inahesabu pale ni ukuta. Shusheni iwe 0.35 na mpike ramani upya.

Nimeweka mayowe makali sana zimwi anapotokea, lakini kaka yangu hata hakutikisika. Nifanyeje?

Mayowe yanatisha kwa tofauti iliyopo kati yake na kilichotangulia. Kama kabla yake kuna muziki, upepo, mbwa na radi, hayana pa kuangukia. Anza na sauti ya chumba kitupu, rekodi ya sekunde 30 hadi 60 inayojirudia. Juu yake weka kitu kimoja cha kawaida, tuseme feni au saa ya ukutani. Sekunde tatu kabla ya tukio, kizime hicho kimoja. Wengi hawatatambua kilichokoma, ila mwili utakuwa umejiandaa.

Mayowe yenyewe yakizidi sauti ya kawaida kwa desibeli 10 hadi 12 yanatosha. Weka kidhibiti kwenye njia kuu ya sauti, kisiruhusu kupita desibeli hasi 1, yaani chini kidogo ya kilele cha sauti. Anayecheza usiku amepandisha sauti ili asikie nyayo. Ukimpasua masikio atavua vifaa vya masikioni, na kila ulichotengeneza kwa sauti kitakuwa kimepotea.

Nyayo zinastahili muda wako kuliko mayowe. Rekodi hatua tano kwa kila aina ya sakafu, msimbo usirudie ileile mara mbili mfululizo, na wembamba au uzito wa sauti ya kila hatua ubadilishwe kidogo, kati ya mara 0.95 na 1.05. Sauti inayotoka mahali fulani chumbani iwe ya chaneli moja, maana ya chaneli mbili haikai vizuri mahali pake na mchezaji atageukia upande usio. Sauti zinazojirudia zihifadhi kwa Ogg au WAV. MP3 huongeza ukimya mfupi mwanzoni na mwishoni, na utausikia kama kijigugumizi kila mzunguko. Ukichukua sauti za bure mtandaoni, soma leseni ya kila faili. Nyingi ni za Creative Commons: CC0 haina masharti, CC BY inataka umtaje mwenyewe, na yenye NC (isiyo ya biashara) hairuhusiwi kwenye gemu ya kuuza, hata kama ni mlio wa bawaba.

Tunataka gemu iwe ya Kiswahili kwanza, Kiingereza baadaye. Kuna mambo ya kuangalia mapema?

Yapo, na ni heri mmeuliza sasa, kwa kuwa maelezo mengi ya injini yameandikwa na watu ambao lugha zao hazina ngeli.

La kwanza ni sentensi za kuungaunga. Maelezo ya kawaida yatawaambia muandike sentensi moja yenye tundu: "Umepata" kisha jina la kitu, kisha "kimewekwa begini". Kisu kimewekwa, sawa. Lakini ufunguo umewekwa, taa imewekwa, mafuta yamewekwa. Msimbo haujui upatanisho, na "ufunguo kimewekwa begini" itamtoa mchezaji kwenye hofu papo hapo. Msijaribu kuandika msimbo wa ngeli. Kila kitu kiandikiwe sentensi zake kamili. Vitu 40 kwa sentensi tatu ni mistari 120, kazi ya jioni moja au mbili.

La pili ni ile alama ya king'ora na kung'aa. Mkizungushia maneno alama moja moja za kunukuu, msimbo utadhani neno limeishia "king" na programu itagoma kufunguka. Tumieni alama mbili mbili. Tena programu za kuandikia hubadilisha alama iliyonyooka kuwa iliyopinda, na fonti nyingi za pikseli hazina ile iliyopinda, hivyo mtaona kisanduku kitupu katikati ya neno. Badilisheni zote ziwe za aina moja kabla ya kuingiza faili. Na kwenye faili la CSV, jedwali la maneno linalotenganisha safu kwa mkato, sentensi yenye mkato isiyofungwa kwa alama za kunukuu itapasuka katikati na nusu yake itahamia safu ya Kiingereza.

La tatu linahusu saa. Tuseme kuna kasiki, na sauti kwenye simu inasema msichana alitoweka saa nane usiku. Mchezaji wa Kiswahili anajaribu 8. Saa ya ukutani iliyosimama inaonyesha 2. Hapo pana fumbo zuri, maana masikio yanasema nane na macho yanasema mbili. Likitafsiriwa, Kiingereza kitasema mbili moja kwa moja na fumbo litakufa. Au jibu likiwa 8, mchezaji wa Kiingereza hatalipata kamwe. Jibu litoke kwenye picha ya mishale ya saa, na usemi ubaki wa kupoteza watu. Kiingereza kitakuwa rahisi kidogo, ila hakitafungwa.

Upana wa sanduku la maneno uwe herufi 40 kwa mstari, mistari mitatu. Vitenzi vyetu ni virefu. "Hawakumfungulia" ni herufi 15 na hakikatwi katikati.

Mchezaji mmoja alitumia mshumaa wake kuchomea barua, akafika chumba cha chini ambako mshumaa unahitajika, akakwama. Alikuwa amesevu humohumo. Nizuieje?

Chora mafumbo yote kwenye karatasi kama mti: kila fumbo duara, na mshale kutoka kwenye kila kitu kinacholifungua. Kitu chenye mishale miwili inayotoka, kama mshumaa wako, kisiishe kwa matumizi ya kwanza, au kiwe na kingine cha kukirithi. Kisha pitia mti huo ukijiuliza, kwenye kila mlango unaojifunga nyuma ya mchezaji, ni nini anaweza kuwa amekiacha upande ule.

Sevu ya otomatiki isifanyike wakati zimwi yuko katika hali ya kufukuza, wala ndani ya sekunde 10 baada yake. Weka mafaili mawili ya sevu yanayopokezana, ili moja likiharibika mtu arudi nyuma dakika chache tu. Andika kwanza kwenye faili la muda, ukimaliza ndipo ulibadilishe jina; umeme ukikatika katikati ya kuandika, la zamani litakuwa salama. Na mstari wa kwanza wa faili uwe namba ya toleo la gemu. Utakapoongeza chumba baada ya kutoa demo, msimbo utajua sevu ya zamani ni ipi na kuijazia kilichopungua.

Hekaya ni ya watu wote. Naweza kuuza gemu yake bila kumuuliza mtu?

Ile ya mdomo isiyo na mtunzi, mara nyingi ndiyo, ila angalia sheria ya nchi yako kuhusu sanaa za jadi. Ila hakikisha kweli haina mtunzi. Slender Man, kiumbe mrefu asiye na uso, anaonekana kama hekaya ya siku nyingi, lakini alitungwa Juni 2009 na Eric Knudsen kwenye jukwaa la Something Awful, na jina na umbo lake vina wenyewe. Utafute mtajo wa kwanza kabisa. Ukiishia kwa mtu mmoja aliyechapisha, huyo ana haki zake. Hata kwa hekaya ya kale, maneno ya msimuliaji fulani, mchoro wake na rekodi yake ni mali yake. Chukua tukio, uandike upya.

Kama hekaya yako inamhusu marehemu wa kweli, badilisha jina, mwaka, mahali na namna alivyokufa. Familia yake ipo.

Tunakaribia kutoa. Tujue nini kuhusu Steam, na tujaribishe gemu kwa watu wangapi?

Steam, duka la mtandaoni la gemu, hutoza ada ya dola 100 kuingiza gemu moja. Kwa gemu ya kwanza mtasubiri siku 30 tangu kulipa kabla ya kuruhusiwa kutoa, na ukurasa wa gemu lazima uwe hadharani angalau wiki mbili kabla ya siku hiyo. Wekeni ukurasa miezi kadhaa mapema, ili watu wapate muda wa kuiongeza kwenye orodha ya wanazozitaka. Mnunuzi anaweza kurudishiwa fedha ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa mbili, kwa hiyo gemu ya dakika 90 inaweza kumalizwa na kurudishwa. Hilo lisiwafanye mrefushe gemu kwa kumtembeza mtu ushoroba uleule. Gemu fupi iliyokaza yenye bei ndogo ni bora kuliko ndefu inayochosha.

Taa zinazopepesa ni silaha ya kila gemu ya kutisha, nazo zinaweza kumwangusha mwenye kifafa. Mwongozo wa WCAG wa tovuti unaweka kikomo cha mimweko mitatu ndani ya sekunde moja. Chukueni hichohicho, muwe waangalifu zaidi na nyekundu iliyokolea, na muweke kitufe cha kuzima mimweko kwenye skrini ya kwanza kabisa, kabla ya gemu kuanza.

Wajaribu watano wanatosha kwa kila toleo, lakini wawe wapya kila mara. Aliyekwisha kushtuka mahali fulani hawezi kuwaambia kama pangali panatisha. Mketishe mmoja mmoja, chumba kiwe na giza, avae vifaa vya masikioni, nanyi mkae nyuma yake pasipo kusema neno hata akikwama kwa dakika tano. Rekodini skrini na, akiridhia, mikono yake. Andikeni muda wa kila mahali aliposimama bila kufanya kitu. Kisha tazameni rekodi ya mikono: aliyeachia kibodi na kujiegemeza nyuma amechoshwa, aliyeganda vidole vikiwa juu ya vitufe anaogopa. Skrini itawaonyesha mambo hayo mawili kwa sura ileile, mtu aliyesimama ushorobani.